Mambo ya Ndoa na Mirathi kwa Waislamu wa Nakuru: Habari Zake Tangu Zamani



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma hesabu za fedha na habari za mikutano. Twaomba sasa mtuvumilie katika jambo lisiloonekana katika hesabu, ingawa mara nyingi ndilo linalozimaliza fedha zetu. Mwanachama akifariki, Chama hutoa sanda au jeneza, hutafuta gari, na huwasaidia wafiwa chakula cha wageni. Kazi hiyo twaijua. Lakini wageni wakiisha kwenda zao hubaki maswali: ni nani aliyekuwa mke na ni nani asiyekuwa mke, nyumba ni ya nani, watoto watakaa wapi, na sheria ipi itakayoamua. Chama chetu ni cha watu wa makabila mengi na dini zaidi ya moja, wala maswali haya hayawahusu Waislamu peke yao, kwa kuwa mama wa marehemu Mwislamu aweza kuwa Mkristo, na mwanachama kama sisi. Kwa hiyo tumeona vyema kueleza kwa urefu kidogo jinsi sheria ya Kiislamu ya ndoa, talaka na mirathi ilivyofika katika mji huu na katika Bonde la Ufa. Ilifika kwa mpango wa kinyume: dini ilitangulia, karatasi ya Serikali ikafuata, na hakimu akaja mwisho.

Waislamu wa kwanza kupita katika nchi hizi walikuwa watu wa misafara ya pembe za ndovu, kutoka Pangani na Mombasa, waliofuata njia ya Naivasha na Baringo. Mwingereza Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliandamana na msafara wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Na Mzee huyo huyo ndiye aliyefuatana na Count Teleki katika safari ya miaka ya 1887 na 1888. Watu hao walipita tu. Waliokaa ni askari. Serikali ya Uganda ilipojenga boma lake Eldama Ravine iliwaweka askari Wasudani, na hapo Ravine ndipo yalipoanzia maasi ya mwaka 1897, askari walipochoka na safari zisizo na mwisho na mshahara mdogo. Wajukuu wa Wasudani, yaani Wanubi, wangali Ravine hata leo.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, ikapita Nakuru mwaka 1900, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika ziwa la Victoria mahali pa Kisumu. Reli ilileta Wahindi Waislamu wa madhehebu mbalimbali, mafundi na wenye maduka. Ilileta Waswahili wa pwani, makarani, wapishi na wapagazi. Na pamoja na walowezi wakaja Wasomali, ambao wengi wao walikuwa wachunga na wachuuzi wa ng'ombe. Lord Delamere, aliyechukua shamba Njoro, mwenyewe aliingia nchi hii kutoka upande wa Somalia, na Wasomali walikuwa miongoni mwa watumishi wake. Watu hao wote walikutana mjini Nakuru, na wale wa rangi nyeusi wakakaa katika mitaa iliyotengewa Waafrika, kama vile Bondeni, na katika landhi za reli. Wenyeji wa bara nao, Wakikuyu, Wanandi, Waluo na wengine, wakaanza kusilimu mmoja mmoja, wengine kwa ajili ya ndoa, wengine kwa ajili ya ujirani, na wengine kwa ajili ya imani tu.

Sasa ni lazima msomaji akumbuke jambo moja la mipaka, maana ndilo msingi wa maneno yote yanayofuata. Mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ilipatana na Sultani wa Unguja kuutawala mwambao wa maili kumi kwa jina lake, na katika mwambao huo mahakama za makadhi, maliwali na mamudiri ziliachwa zifanye kazi. Nakuru haikuwa sehemu ya milki ya Sultani. Haikuwa hata sehemu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya: mpaka tarehe 1 Aprili 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Na ilipofika mwaka 1920 nchi ikagawanywa kwa majina pia, mwambao ukaitwa Himaya na bara ikaitwa Koloni. Basi Mwislamu wa Mombasa alikuwa na kadhi wake aliyewekwa na Serikali, mwenye muhuri na mshahara. Mwislamu wa Nakuru alikuwa na imamu wa msikiti na wazee wa mtaa.

Walakini isidhaniwe kuwa hapakuwa na sheria yo yote. Mwaka 1906 ilitolewa sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Mwaka 1920 ikatolewa nyingine iliyo kubwa zaidi, iliyosema kuwa ndoa ya Kiislamu, iwe ilifungwa kabla ya sheria hiyo au baada yake, ni ndoa halali katika nchi nzima. Kwamba wenye ndoa hiyo wapate haki zao za talaka na nyinginezo kama dini yao isemavyo. Na kwamba mali ya marehemu aliyeoa kwa ndoa hiyo igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Kwa maoni yetu sheria ya 1920 ilikuwa jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Miaka mitatu tu kabla yake, mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton alikuwa amesema kuwa ndoa ya kienyeji ya Mwafrika haistahili kuitwa ndoa, bali ni namna ya kununua mke. Na kwa sababu hiyo mwanamke wa kesi ile hakuhesabiwa kuwa mke mbele ya sheria ya ushahidi. Hukumu hiyo iliwatukana wazee wetu wote, wa dini zote. Ndoa ya Kiislamu, ingawa nayo yaruhusu wake zaidi ya mmoja, iliepuka tusi hilo kwa kuwa ilikuwa na sheria iliyoandikwa.

Taabu ilikuwa katika kuifikia. Mlango wa sheria hiyo kwa watu wa bara ulikuwa mahakama kubwa ya Serikali, mbele ya jaji Mwingereza, kwa ada na kwa wakili. Mpishi wa Nakuru au mke wa mfanyakazi wa reli hakuweza kwenda huko. Aliyetaka neno la kadhi ilimpasa aandike barua au apande gari la moshi kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 600. Upande wa pili zilikuwapo mahakama za kienyeji, ambazo baada ya sheria ya mwaka 1951 ziliitwa Mahakama za Waafrika, na hizo zilihukumu kwa desturi za makabila. Hivyo shauri moja liliweza kuamuliwa namna mbili, kwa kadiri mtu alivyochagua mlango. Na twasema waziwazi kuwa wako watu waliolitaja neno dini palipowafaa, na neno desturi palipowafaa, na aghalabu aliyepata hasara katika kugeuka huko alikuwa mjane.

Tueleze tofauti yenyewe, maana vijana wengi hawaijui. Katika desturi za makabila yetu mengi, mali ya kuolea hutolewa na ukoo wa mume na kupokewa na ukoo wa mke: Wakikuyu huiita ruracio, na Wakalenjin huhesabu ng'ombe. Mahari ya Kiislamu si mali ya baba wala ya wajomba. Ni mali ya mwanamke mwenyewe, mkononi mwake, hata ikiwa ni kidogo, na ikiwa haikulipwa hubaki kuwa deni juu ya mume. Mume akifa, deni hilo hulipwa kabla ya urithi kugawanywa. Tena katika desturi nyingi mjane hubaki katika ukoo, akachukuliwa na ndugu wa marehemu. Kurani imekataza wanawake wasirithiwe kwa nguvu kama mali. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na baada yake huolewa na amtakaye, au hukaa kama alivyo, na fungu lake la urithi ni lake. Shemeji hana amri juu yake.

Katika bara, wazee wa misikiti walikuwa na mambo mawili ambayo kadhi wa pwani hakuyaona mara nyingi. La kwanza ni walii wa mwanamke aliyesilimu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa nchi hii, mwanamke huozwa na walii, naye ni baba, au babu, au ndugu, kwa kufuata daraja zao. Lakini walii sharti awe Mwislamu. Binti wa Njoro au Molo aliyesilimu peke yake nyumbani kwao, baba yake hawezi kuwa walii wake katika akidi. Katika hali hiyo walii ni kadhi. Na pasipo kadhi je? Vitabu vya fikihi vimelijibu: mume na mke watakao kuoana wamchague mtu mwadilifu, mwenye kujua dini, awe mwamuzi wao, naye asimamie akidi. Kwa njia hiyo ndoa nyingi za bara zilisimama kwa elimu ya mwalimu wa madrasa. Wazee wengine walikuwa na busara ya kumwita baba asiye Mwislamu akae mbele, apewe heshima yake na aulizwe radhi yake, ingawa si yeye asemaye maneno ya kuoza. Hilo halikuwa sharti la kitabu. Lilikuwa adabu, na liliokoa ujamaa mwingi.

Jambo la pili lilikuwa talaka ya hasira. Mtu hutamka talaka tatu usiku, na asubuhi yuko kwa imamu akitafuta njia ya kurudi. Kitabu kimeweka utaratibu: talaka moja, kisha eda, na ndani ya eda mume aweza kumrejea mke wake, ya pili vivyo hivyo, ya tatu ndiyo ya kukata. Mwanamke naye ana njia zake. Aweza kujivua kwa khului, yaani kwa kurudisha mahari au kutoa kitu kwa mapatano. Au akimshitaki mume asiyetoa masurufu, au aliyepotea, kadhi hufasikhi ndoa. Hapo ndipo bara ilipokuwa na upungufu mkubwa. Imamu aweza kuoza, aweza kupatanisha, aweza hata kushuhudia talaka. Lakini kuivunja ndoa ya mwanamke ambaye mume wake amekwenda Kampala asirudi, hiyo ni kazi ya hakimu. Mwanamke wa namna hiyo katika mwambao alikwenda kwa kadhi. Mwanamke wa Gilgil alingoja.

Maongozi yalipatikana pia kwa maandiko. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, akawasemesha Waislamu kwa lugha yao ya Kiswahili juu ya dini, elimu na mwenendo wa nyumbani. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, aliyehamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1968, alitoa kitabu cha ndoa na talaka kwa Kiswahili chepesi, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake ya Kurani nzima. Faida ya maandiko hayo kwa watu wa bara ni hii: mtu asiyejua Kiarabu aliweza kusoma mwenyewe, na mwanamke aliweza kumwambia mume, au hata imamu, kuwa jambo fulani limeandikwa. Kabla ya hapo elimu ya talaka ilikuwa kinywani mwa wanaume.

Tukirudi kwa Serikali: Uhuru ulipokaribia Waislamu wa mwambao waliingiwa na hofu kuwa mahakama zao zitaondolewa. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza habari ya mwambao, akatoa taarifa yake mwaka 1961. Tarehe 5 Oktoba 1963 mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohammed Shamte wa Unguja, wakaandikiana barua, na Kenya ikaahidi kuwa mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi, kati ya watu ambao wote ni Waislamu. Ahadi hiyo ilitolewa kwa ajili ya watu wa pwani. Nakuru haikutajwa, wala hapakuwa na mjumbe aliyekwenda kuisemea.

Lakini matunda yake yalifika. Mwaka 1967 Bunge lilipanga upya mahakama zote za nchi. Mahakama za Waafrika zikafutwa, na Sheria ya Mahakama za Makadhi ikaanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Kwa sheria hiyo mamlaka ya kadhi hayakufungwa tena na mpaka wa maili kumi, na mahakama hizo zikaweza kuwekwa katika wilaya za bara. Leo mji wetu, uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, una Mahakama yake ya Kadhi. Twapenda wazee wajue vifungu viwili vya sheria hiyo ya 1967 ambavyo husahauliwa. Kimoja chasema kuwa mashahidi wote wasikizwe bila ubaguzi wa dini wala wa mwanamume na mwanamke. Kingine chasema kuwa hakimu aamue kwa kupima ukweli wa ushahidi, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Mwanamke anayeogopa kwenda kwa kadhi kwa kudhani hatasikizwa na asomewe maneno hayo.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashindano. Serikali ilikuwa imeunda tume mbili mwaka 1967, moja ya ndoa na moja ya urithi, ili Wakenya wote wawe na sheria moja. Mswada wa ndoa ulikataliwa na Bunge mwaka 1976 na tena mwaka 1979. Ule wa urithi ulipita: Sheria ya Urithi iliandikwa mwaka 1972 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1981, nayo iliwashika Waislamu pamoja na wengine. Waislamu wakalalamika kuwa mafungu ya mirathi yamo ndani ya Kurani, si desturi ya kubadilishwa na Bunge. Na mwaka 1990 sheria hiyo ikarekebishwa, mali ya Mwislamu aliyefariki ikarudishwa kwenye sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo waliofiwa katikati ya 1981 na 1990 walikuwa chini ya sheria nyingine, na wazee wanaoshangaa kwa nini shamba la fulani liligawanywa vile, na la jirani yake vingine, jibu ni hilo.

Jambo likazuka tena katika kutunga Katiba mpya. Viongozi wa makanisa kadhaa walikwenda mahakamani mwaka 2004 kupinga makadhi kutajwa katika Katiba ya nchi isiyo na dini ya Serikali, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao juu ya katiba ya zamani. Miezi mitatu haikupita, tarehe 4 Agosti 2010, wananchi wakapiga kura ya maoni, na kama asilimia 67 wakaikubali Katiba mpya pamoja na kifungu cha 170 cha makadhi. Mkoa wetu wa Bonde la Ufa kwa jumla ulikataa, na habari ya makadhi ilikuwa mojawapo ya sababu zilizosemwa, pamoja na ardhi na utoaji wa mimba. Majirani walipishana maneno makali siku hizo. Katiba yenyewe yasema mambo mawili kwa pamoja: kifungu cha 8 chasema hakuna dini ya Serikali, na kifungu cha 170 chawapa makadhi kazi ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, iwapo wote wanaohusika ni Waislamu na wote wamekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Kadhi hamvuti mtu kwa nguvu. Baadaye Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilizifuta zile sheria za kale za 1906 na 1920, ikaziweka ndoa zote nchini pamoja, ndoa ya Kiislamu ikiwa na sehemu yake, na ikaamuru zote ziandikishwe na asiozwe mtu aliye chini ya miaka 18.

Maneno hayo, kwamba wote wawe Waislamu, ni mepesi kwa watu wa Lamu. Kwetu ni mazito. Katika Nakuru ni nyumba ngapi za Waislamu ambazo bibi, au shangazi, au mke mwenyewe si Mkristo? Tuchukue mfano, ili wazee waone hesabu kwa macho. Mwanamume Mwislamu amefariki. Madeni yamelipwa na gharama za mazishi zimetoka, na zimebaki shilingi 960,000. Ameacha mke, mama, mwana mmoja na binti wawili, wote Waislamu. Mke hupata thumuni, ndiyo 120,000. Mama hupata sudusi, ndiyo 160,000. Zimebaki 680,000, na mwana hupata mafungu mawili ya binti mmoja: basi mwana 340,000, na kila binti 170,000. Hapa hapana ugomvi, ila kwa mwenye tamaa.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Mama wa marehemu, aliyemlea huko Elburgon na kumsomesha kwa kuuza viazi, ni Mkristo. Kwa sheria ya mirathi asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, wala Mwislamu hamrithi yeye. Mama hapati sudusi. Na ikiwa mke ni Mkristo, ingawa ndoa yao ni halali, mke naye hapati thumuni. Hapo ndipo Chama kilipopata kuona wazee wa pande mbili wakiinuka vitini, upande mmoja ukisema dini imemdhulumu mama, na upande wa pili ukisema dini haijadiliwi. Pande zote mbili husahau kuwa kitabu hicho hicho kimeacha mlango ulio wazi. Mtu aweza kuusia mpaka thuluthi ya mali yake kwa mtu asiye mrithi wake, na mama Mkristo, kwa kuwa hamrithi, aweza kuusiwa. Katika mfano wetu thuluthi ni shilingi 320,000, mara mbili ya sudusi ambayo mama angepata kama angekuwa Mwislamu. Kilichokosekana ni karatasi moja na mashahidi wawili. Marehemu alikuwa na miaka yake yote ya uzima ya kuiandika.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Katika fikihi humrithi mama yake, hamrithi baba yake. Lakini baba aweza kumwusia katika thuluthi, au kumpa zawadi angali hai. Habari hii sasa imekuwa kubwa. Mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika shauri la urithi wa marehemu Mwislamu wa pwani, kuwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao. Majaji walisema kuwa ruhusa iliyomo katika kifungu cha 24 cha Katiba, ya kuipunguza haki ya usawa kwa ajili ya sheria ya Kiislamu, isitumiwe kupita kiasi kilicho cha lazima. Viongozi wengi wa Waislamu wamelalamika kuwa mahakama imeingia ndani ya mirathi iliyopangwa na Mungu. Wengine wamejibu kuwa mtoto hakuchagua kuzaliwa. Chama hakikuundwa kuamua baina ya majaji na masheikh. Tunaloliona ni kwamba shauri hilo lilipanda ngazi zote za mahakama, kwa miaka na kwa gharama, juu ya mali ambayo mwenyewe angeweza kuipanga kwa sehemu alipokuwa hai.

Kwa sababu hiyo Kamati imefungua daftari katika ofisi ya Chama. Si mahakama, wala haligawi mali. Mwanachama Mwislamu aandike humo jina la mkewe au wake zake, siku na mahali pa akidi, jina la aliyeoza, nambari ya cheti cha ndoa, mahari iliyolipwa na iliyobaki, na kama ametoa talaka, siku yake na mashahidi wake. Mwenye wasia aeleze tu ulipowekwa, si yaliyomo. Asiye na cheti, na hao ni wengi miongoni mwa waliooana zamani, karani atamwelekeza kwa imamu mwenye kibali au kwa ofisi ya kadhi. Wanachama wasio Waislamu nao wamelitaka daftari kama hilo kwa ajili ya ndoa zao za kanisa na za kienyeji, na la kwao linachapwa. Ofisi hufunguliwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Mabibi wanaoona haya kuja peke yao waje na mtu wao.